Vigae Vilivyohama

Sikustaafu kama wanavyostaafu watu wa ofisini. Hakuna aliyesoma risala, hakuna aliyenipa saa ya ukutani. Mwezi uliopita magoti yangu yalikataa kuinama, na kazi ya vigae ni kuinama, basi nikakunja aproni yangu ya mpira, nikaiweka juu ya pipa la maji, nikatoka pale Kizota kwa miguu yangu. Ninyi mliobaki kiwandani mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Nani alipanda cheo na nani alilipwa nini, hayo sitayagusa, mnayajua kunizidi. Lakini kuna watu watatu waliomharibia jina Mzee Swalehe, na hao nitawataja. Kila nikiuliza pale kiwandani naambiwa "lilitokea tatizo." Tatizo halina miguu. Lililetwa na watu.

Nilianza kazi miaka ile serikali ilipohamia kwetu Dodoma kweli kweli, siyo kwa maneno. Palipokuwa na vichaka pakaota nyumba, na kila nyumba ikataka bustani, na kila bustani ikataka njia ya kupita na ngazi za kushukia. Hapo ndipo kigae chetu kilipopata wateja. Kina uso na kina mgongo. Uso ni kauri, ile inayong'aa, ya maua au ya rangi ya udongo. Mgongo ni zege, unene wa vidole vitatu. Kauri peke yake ukiiweka nje, siku moja inakanyagwa na mkokoteni inapasuka. Zege peke yake halina sura. Vikishikana vizuri, ng'ombe anapita, gari linapita, mvua inapita, kigae kipo tu kinakutazama. Neno lenyewe ni hilo: vikishikana. Kazi yetu yote ilikuwa kuvishikanisha vitu viwili visivyopendana.

Siku ya kwanza niliaibika. Mzee Swalehe ndiye alikuwa fundi mkuu, Mrangi wa Busi, mfupi, mwenye barakashia ambayo saruji ilikuwa imeifanya ngumu kama bakuli. Alikuwa ameinama kwenye meza ya kutikisa, ile inayotetemeka ili zege likae vizuri na hewa itoke. Bila kuniangalia akasema, "Wewe mama, kalibu!"

"Asante, Mzee," nikajibu. "Nimeshakaribia."

"Kalibu!"

Nikasogea hatua mbili. "Asante."

"Kalibu, kalibu, zege linaganda!"

Nikaona mzee ana ukarimu wa ajabu. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia. Kiwanda kizima kikaangua kicheko, wengine wakaacha koleo. Kumbe alikuwa anataka kalibu, lile sanduku la chuma tunalomiminia zege lipate umbo. Nilikuwa nimesimama mbele ya makalibu kumi.

"Mgogo huyu," akasema Mzee Swalehe, "ukimwomba chombo, anakaa kitako."

"Na Mrangi," nikamjibu, maana utani siuogopi, "akitaka chombo, anakaribisha wageni."

Akanitazama mara ya kwanza. "Unaitwa nani?"

"Sechelela. Wa Bahi."

"Seche, leta kalibu."

Nikaleta. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kama mnataka kujua. Barua ilikuja baadaye.

Alinifundisha kuanzia nyuma. Unaposhika kauri, usiangalie maua, geuza. Mgongoni ina unga mweupe inaotoka nao kwenye tanuri huko ilikotengenezwa. Unga ule ni adui. Unausugua kwa brashi ya waya, unasuuza, unaloweka kauri mpaka iache kutoa mapovu. Ukiiweka kavu itakunywa maji ya saruji, na saruji iliyonyang'anywa maji haishiki kitu. Kisha unailaza kifudifudi ndani ya kalibu, unapaka uji wa saruji mzito, na kabla uji haujakauka unaweka zege. Mzee aliuangalia uji ule kama mama anavyomwangalia mtoto anayejifunza kutembea. Ukigeuka kupiga soga, umekauka. Halafu kigae kinalala siku saba chini ya magunia mabichi, na magunia hayo hayaruhusiwi kukauka hata kama Dodoma nzima haina maji.

Sasa niwaambie habari ya hodi, kwa sababu nimesikia siku hizi mnagonga bila kusema.

Mzee alikuwa na mwiko wa zamani uliovunjika bapa, umebaki mpini. Siku ya nane alipita kwenye kila kigae, anagonga uso kwa mpini ule, ko ko, anainamisha sikio, anasema, "Hodi!" Kigae kilichoshikana kinatoa mlio mfupi, mzito. Sisi wote tunajibu, "Karibu!" Kigae chenye hewa katikati kinatoa mlio wa debe. Hapo tunajibu kwa pamoja, "Wamehama!" na kigae kinavunjwa. Mgeni akiingia angedhani tumerukwa na akili, watu wazima wanapiga hodi kwenye marundo ya vigae. Lakini ukishaitikia kwa sauti, huwezi kukidanganyia kigae. Watu kumi wamesikia.

Nilipenda kazi ile. Nasema hivi nikiwa na vidole ambavyo saruji imevila ngozi, na mguu wa kushoto wenye kucha tatu tu, mbili nilizizika pale rundo lilipoanguka. Nilipenda kwa sababu kila kigae kilikuwa swali. Kwa nini hiki kimeshika na mwenzake wa kalibu ileile hakikushika? Mzee Swalehe hakuchoka kuulizwa. Akishindwa kujibu alisema, "Hilo silijui, tulitazame," na tulilitazama. Sijawahi kumsikia msomi akisema silijui.

Sasa, mtu wa kwanza. Deusi, aliyekuwa manunuzi.

Mchanga wetu ulitoka korongoni, mchanga mkali wa mto, safi, ukiuminya mkononi unalia. Wakati mmoja kibali cha kuchimba kule korongoni kikasimamishwa. Deusi hakutafuta mchanga mwingine wa mto. Lori letu lilikuwa linapeleka saruji Bahi na kurudi tupu, basi akaamuru lirudi na mchanga wa hukohuko, wa kule chini mbugani. Lilipoingia ilikuwa Ijumaa mchana, Mzee Swalehe ameenda kuswali. Deusi akashuka amejaa furaha.

"Mama Seche! Leo nimekuletea kwenu!"

Na mimi nikafurahi. Niwaambie kweli, nilifurahi kama nimeona ndugu. Nikachota kidogo, nikatia ulimini kama tulivyofanya tukiwa watoto. Ulikuwa na ule ukolezo wa nyumbani. Nikacheka, nikamwambia Deusi, "Kwetu kweli!" Akacheka naye. Lori likamwaga mzigo.

Mzee aliporudi aliushika, akausugua viganjani. "Ni laini kidogo," akasema. "Umetoka wapi?"

"Umepimwa, Mzee," Deusi akajibu. "Injinia amesaini."

Huyo ndiye mtu wa pili, Injinia Fidelis. Alisaini akiwa ofisini kwake mjini. Mchanga hakuuona. Baadaye alisema alisainia "mchanga," na kilichokuja kilikuwa mchanga, kwa hiyo karatasi haikukosea. Mimi sijui kusoma vizuri, lakini nimegundua karatasi hazikosei kamwe.

Tukatengeneza kazi kubwa ya nyumba ya wageni kule Area D, njia ya bustani yote na ngazi tano za kushukia kwenye maua. Siku ya nane Mzee alipiga hodi kila kigae. Tulijibu "Karibu!" mpaka koo zikakauka. Sikumbuki hata kimoja kilichohama. Nawaapia.

Mvua zikaja, zikaisha, jua likarudi. Asubuhi moja akaja mtunza bustani wa ile nyumba ya wageni, amebeba uso wa kigae kwenye viganja kama sahani ya wali. Uso mzima, na maua yake, hauna hata ufa. Umeachana na zege kama vile haukuwahi kulijua.

"Nilikuwa nafagia," akasema. "Nikasikia umeteleza."

Mzee akaugeuza. Mgongo ulikuwa safi. Akauinua juani, akaunusa. "Hawa walikuwepo," akasema polepole. "Niliwabishia hodi, walikuwepo. Nani aliwahamisha?"

Hiyo ndiyo sentensi iliyonikosesha raha. Kigae kinachozaliwa tupu tulikijua. Hatukuwahi kuona kigae kinachojibu vizuri, kinaondoka kiwandani kizima, halafu kinahama kikiwa kwa watu.

Kabla hatujapata muda wa kulitazama, ngazi ya tatu ya kule Area D ikaachia uso chini ya mguu wa mama mmoja mgeni, akaanguka, akavunjika mkono. Bosi akaitisha kikao. Injinia Fidelis akasema kosa ni la anayekagua, kwa sababu ukaguzi wenyewe ni wa kishamba, mtu mzima anagonga vigae na kupiga hodi. Deusi akatazama viatu vyake. Bosi akamuuliza Mzee, "Ulivigonga wewe?"

"Niligonga."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na ukavipitisha?"

"Nikavipitisha."

Hakusema neno la laini kidogo. Hakusema aliuliza ulikotoka. Alivua barakashia, akaipangusa, akaivaa. Siku ileile akaambiwa arudi kwao. Akaondoka Kizota na mfuko mmoja, na mpini wa mwiko akaniachia mimi. "Uangalie uji," akaniambia. Basi.

Pale kiwandani wakaanza kusema, "Kazi ya Swalehe hiyo," kwa kila kitu kilichovunjika. Hata kufuli la choo. Mimi nikakaa na lile swali. Kama hodi ya Mzee ilikuwa kweli, basi kuna kitu kiliingia baadaye katikati ya uso na mgongo, na jina lake lingeweza kuoshwa. Kama hodi ilikuwa uongo, mimi pia miaka yote nilikuwa naitikia uongo. Nilitaka kujua. Sikuweza kulala vizuri mpaka nijue.

Nikatengeneza vigae sita vyangu, nikavificha nyuma ya choo cha wanawake, mahali ambapo hakuna injinia anayekagua. Cha kwanza sikukisugua ule unga. Cha pili sikuloweka. Cha tatu nilipaka uji mwepesi. Cha nne niliacha uji ukauke. Cha tano nilifanya kila kitu sawasawa alivyotaka Mzee. Cha sita pia nilifanya sawasawa, ila mchanga mpya haukunitosha, nikafagia uliobaki kwenye kona ya ukuta, ule wa zamani wa korongoni, nikautumia huo. Kila asubuhi navimwagia maji, mchana wote vinaiva juani. Wenzangu waliniuliza nakuza mboga gani. Nikawaambia matembele.

Kila Jumamosi nilivipigia hodi. Niliitikia mwenyewe, kwa sauti ndogo. Vile vinne vilivyoharibiwa vilihama upesi, hilo sikulishangaa. Cha tano kilijibu "karibu" wiki nyingi. Halafu Jumamosi moja nikagonga pembeni, kikalia debe. Nikagonga katikati, debe. Kigae kilichofanyiwa kila kitu sawasawa! Nikageukia cha sita. Ko ko. Mlio mfupi, mzito. Kipo.

Nikaviweka magotini vyote viwili. Uji mmoja, kauri moja, mikono ileile. Nikavizungusha. Cha tano, kwenye ukingo ambapo uso unakutana na zege, kilikuwa kimeota manyoya meupe, mepesi kama ukungu wa mkate. Cha sita hakina. Nikachukua manyoya yale kwa kidole, nikayatia mdomoni.

Chumvi.

Mama yangu alikuwa anatengeneza chumvi. Wanawake wengi wa kwetu walifanya hivyo. Mbuga ikikauka tulikwangua udongo wa juu, tukautia kwenye kichujio, tukaumwagia maji, maji yale tukayachemsha mpaka ibaki nyeupe chini ya chungu. Nilikuwa nambebea udongo ule kichwani. Najua chumvi ya Bahi inavyopanda: maji yakipanda juu, nayo inapanda, maji yakikauka, inabaki na kuota. Udongoni inaotea juu kwa sababu juu ni wazi. Lakini juu ya zege letu kuna kauri yenye kioo, haina tundu la kupumulia. Chumvi inafika pale, inakosa mlango, inaotea hapohapo katikati, mvua moja, jua moja, inasukuma kidogo kidogo mpaka wenye nyumba wanahama.

Nilicheka peke yangu nyuma ya choo, nimepiga magoti. Ni furaha gani ile, kujua! Kisha kicheko kikanikatikia. Nilikumbuka Ijumaa, lori, na ulimi wangu.

Jumatatu niliingia ofisini kwa Bosi na vigae viwili na sahani ya mchanga. Injinia na Deusi walikuwepo. Nikaweka sahani mezani.

"Bosi, onja."

"Nionje nini, Mama Seche?"

"Mchanga."

"Kuna maabara," akasema Injinia Fidelis.

"Maabara iko mjini, ulimi uko hapa."

Bosi ni mtu wa haraka. Akachovya kidole, akalamba, akatema kwenye kapu. Akachovya tena, polepole. Akamtazama Deusi.

"Mchanga ni mchanga," akasema Deusi, kwa sauti ya mtu anayetaka kunywa maji.

Wiki ile mchanga wa mbugani ulizolewa, wakatafuta wa mto mwingine. Injinia akaandika ripoti kwamba amegundua chumvi. Deusi akapandishwa, lakini nilishasema mambo ya kupanda siyagusi. Bosi akasema, "Tumejifunza." Nikamwuliza, "Na Mzee Swalehe?" Akasema mzee ameshazeeka, mwacheni apumzike. Hakuna aliyempelekea hata salamu. Pale kiwandani waliendelea kusema kazi ya Swalehe.

Basi nikaenda mwenyewe. Busi ni kule Kondoa, ukishuka basi unapanda bodaboda na unaomba Mungu kwenye miteremko. Nilimkuta nyumba ya mawe na udongo, pembeni ulezi umeanikwa. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Nikatoa ule mpini kwenye kanga, nikagonga ubaoni, ko ko.

"Hodi!"

Ikaja sauti kutoka ndani, kavu vilevile:

"Wamehama!"

Sikujua nicheke au nilie. Akafungua. Alikuwa amekonda, barakashia ileile ngumu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Seche. Umekuja kukalia ndoo yangu?"

Tukakaa. Nikamweleza yote: vigae sita, choo, manyoya, chumvi. Alinisikiliza huku amefumba macho. Nilipofika kwenye kile cha tano alifumbua. "Ulikigonga pembeni kwanza?"

"Pembeni kwanza."

"Vizuri. Chumvi ingeanzia pembeni. Kwa hiyo walikuwepo."

"Walikuwepo, Mzee. Hodi yako ilikuwa kweli. Vyote vilikuwa vizima siku ile."

Akapumua kama mtu aliyeshushiwa mzigo mgongoni. Nikaona ningeweza kuaga pale pale, nikapanda bodaboda, nikabaki mtu mwema aliyeosha jina la mwalimu wake. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuacha swali.

"Hiyo chumvi ya kwenu. Mchanga wenyewe uliuonja lini?"

Hapo ndipo anapoingia mtu wa tatu. Anaitwa Sechelela, wa Bahi, mtoto wa mtengeneza chumvi.

"Siku ulipoletwa," nikasema. "Ijumaa. Kabla lori halijamwaga."

"Ukasikia chumvi."

"Nilisikia."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani ni nyumbani tu, Mzee. Nilifurahi. Sikuwaza kuna cha kusema. Na ulipofukuzwa nilikuwa nimeshasahau kwamba nililamba. Ningesema neno moja siku ile, ungekuwa Kizota."

Hakunifariji. Alichukua ule mpini mkononi mwangu, akaugeuza, akaangalia pale ulipolika kwa miaka ya kugonga. Kisha akainama mbele, akanigonga nao kwenye paji la uso, taratibu, ko ko, akainamisha sikio kama alivyofanya kwenye marundo yetu.

Niliogopa kuliko siku ya rundo kuanguka. "Wanasemaje, Mzee?"

Akasikiliza kidogo tena.

"Wapo," akasema. "Walichelewa kufungua."